Moto ukiwaka Gikomba leo usiku, seva yako itaamkia wapi?

Leo naomba tuzungumze kuhusu seva, na hasa nawalenga nyinyi mafundi mnaotunza seva za wafanyabiashara wa Gikomba, Kamukunji na Pumwani. Najua mtu akisema seva wengi huwaza vyumba vya baridi vya benki kule Upper Hill. Mimi nawaza kile chumba kidogo nyuma ya stoo ya viatu, chenye feni moja na kompyuta ya Dell "ex-UK" iliyowekwa juu ya mbao mbili ili maji yakiingia isilowe. Mashine hiyo ndiyo inayojua nani kachukua mzigo, nani kalipa kwa M-Pesa na nani bado anadaiwa.

Kwa wale ambao si mafundi, ngoja nieleze kwa ufupi. Kompyuta moja yenye nguvu inaweza kubeba kompyuta kadhaa ndani yake, kila moja ikijiona iko peke yake. Hizo za ndani tunaziita mashine pepe. Kontena ni jamaa yake mwepesi: programu moja iliyofungwa pamoja na vitu vyake vyote, ikitumia mfumo wa kompyuta iliyoibeba. (Gikomba ukisema kontena watu hugeuka kuangalia barabarani kama kuna lori la futi arobaini limetoka Mombasa na marobota. Si hilo.)

Sasa basi. Tangu mwisho wa 2023 sisi mafundi tumekuwa na ubishi usiokwisha. VMware au Proxmox? Docker au Kubernetes? Seva ya dukani au ya kukodi ng'ambo? Kila mtu ana timu yake kama Gor na Ingwe. Mimi nasema ubishi huo tunauanzia mahali pasipofaa. Mtu wa Gikomba ana swali moja tu: stoo ikiungua leo usiku, kesho saa ngapi nitajua ninawadai kina nani? Jukwaa lolote linalofanya jibu liwe fupi ni jukwaa zuri. Linalolirefusha ni baya, hata kama liko kwenye kila tangazo la kazi Westlands.

Wala sizungumzii moto wa kufikirika. Alfajiri ya tarehe 28 Juni 2018 Gikomba iliungua na watu wasiopungua 15 wakafa. Moto umelizuru soko hilo mara nyingine kabla na baada ya hapo, na kila mara wenye vibanda huamka wakikuta mabati yaliyojikunja na majivu. Halafu kuna mto. Mvua za Aprili 2024 zilipofurisha mito ya Nairobi, serikali iliwaamuru walio ndani ya mita 30 kutoka kingo za mito wahame. Anayeijua Gikomba anajua Mto Nairobi unapita wapi.

Na kabla hujasema hayo ni mambo ya soko la mabati, kumbuka Strasbourg, Ufaransa, tarehe 10 Machi 2021. Jengo la SBG2 la kampuni ya OVHcloud liliteketea lote, na kuna wateja waliopoteza kila kitu kwa sababu bekapu zao zilikuwa pale pale. Korea Kusini je? Tarehe 26 Septemba 2025 kituo cha data cha serikali kule Daejeon kiliungua, na hifadhi ya watumishi wa umma iitwayo G-Drive ikapotea na data yake ya terabaiti 858. Haikuwa na nakala nje ya jengo. Nchi inayotengeneza diski na kuuzia dunia nzima! Kwa hiyo tusijidharau, lakini pia tusijidanganye.

Mfanyabiashara wa jumla hupoteza nini hasa? Mzigo ukiungua umeungua, hakuna programu itakayorudisha viatu. Lakini madeni hayaungui. Wateja waliochukua mali kwa mkopo wako Machakos, Kisumu, Embu, na bado wanadaiwa. Kwa wengi, orodha hiyo ndiyo mtaji pekee unaobaki wa kununulia robota la kwanza baada ya moto. Ongeza na mambo ya KRA: Sheria ya Fedha ya 2023 ilileta kanuni kwamba kuanzia 1 Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS haitambuliwi kwenye hesabu za kodi, isipokuwa zile zilizosamehewa. Kwa wanaotumia VSCU, programu hiyo inakaa kwenye mashine ya mfanyabiashara mwenyewe, kwa hiyo ankara ambazo bado hazijatumwa zimo kwenye diski ile ile iliyo juu ya mbao mbili.

Hapa ndipo napoipendea teknolojia ya mashine pepe. Watu huisifu kwa kubana matumizi: seva nne kwenye chuma kimoja, stima kidogo, nafasi kidogo. Ni kweli. Lakini kwa Gikomba faida kubwa ni nyingine kabisa, kwamba seva nzima imegeuka kuwa faili, na faili inaweza kutoka sokoni bila mkokoteni. Fundi ambaye ameweka mashine pepe lakini faili hizo hazijawahi kuvuka Jogoo Road amelipia gari akaliegesha.

Tukiwa na kipimo hicho, turudi kwenye ubishi wetu. Broadcom ilikamilisha kuinunua VMware Novemba 2023. Desemba hiyo hiyo ikaacha kuuza leseni za kudumu, kila kitu kikawa cha kulipia kwa muda, na hesabu hufanywa kwa viini vya kichakataji, kila kichakataji kikihesabiwa kuwa na viini visivyopungua 16 hata kama chako kina 6. Februari 2024 ESXi ya bure ikaondolewa. Aprili 2025 ikarudi, toleo la 8.0 Update 3e, watu wakashangilia. Mimi sikushangilia. ESXi ya bure imefunga ule mlango ambao programu za bekapu hutumia kuitoa mashine pepe ikiwa inafanya kazi. Yaani wamekupa nyumba bure lakini haina mlango wa nyuma, na sisi tunazungumzia moto. Vilevile msaada wa kawaida wa vSphere 7 uliisha tarehe 2 Oktoba 2025, kwa hiyo aliyebaki huko hapati hata viraka vya usalama.

Kuna jambo jingine kuhusu ESXi ambalo kwa mitumba ni zito zaidi ya bei: inachagua chuma. Kila toleo jipya huacha nje vichakataji vya zamani, na toleo la 7.0 lilipotupa mfumo wa zamani wa draiva mwaka 2020, kadi za mtandao za Realtek, zilizojaa kwenye kompyuta za kawaida za mezani, ziliacha kuonekana. Siku ya msiba hutachagua mashine. Utachukua iliyopo Luthuli, au ya mtoto wa mwenye duka anayochezea gemu.

Proxmox, ya jamaa wa Vienna waliotoa toleo lao la kwanza mwaka 2008, ni Debian ndani yake, na Linux hukubali karibu kila chuma. Ni programu huria na huhitaji kulipa ili bekapu ifanye kazi. Usipolipia usajili utaona tu dirisha la kukukumbusha kila unapoingia, na itabidi uzime ghala lao la kulipia na kuwasha lile lisilo na usajili, la sivyo kusasisha kutakwama. Tangu toleo la 8.2 la Aprili 2024 kuna njia ya kuingiza mashine moja kwa moja kutoka ESXi. Dokezo kwa wenye Windows: sakinisha draiva za VirtIO kabla ya kuhama, au baada ya kuhamisha unganisha diski kwanza kama SATA, mashine iwake, usakinishe, ndipo ubadilishe. Ukiruka hatua hiyo utakutana na ile skrini ya buluu.

Haya, tuje kwenye bekapu yenyewe, maana hapa ndipo kazi ilipo. Snapshoti si bekapu. Narudia, snapshoti si bekapu! Inakaa kwenye diski ile ile, na diski iko kwenye kibanda kile kile. RAID nayo hukulinda diski moja ikifa, haikulindi kibanda kikifa. Na Proxmox Backup Server ukiisakinisha kama mashine pepe ndani ya seva ile ile unayoiwekea akiba, umefungia ufunguo wa akiba ndani ya nyumba.

Ninachopendekeza ni kompyuta kuukuu ya pili yenye Proxmox Backup Server, ikae nyumbani kwa mwenye duka au kwa ndugu yake, Umoja, Kayole, popote mbali na soko. Programu hii hukata diski vipande na kutuma vile vilivyobadilika tu, kwa hiyo baada ya mara ya kwanza mzigo wa kila usiku ni mdogo. Tatizo ni hiyo mara ya kwanza. Diski ya gigabaiti 40 kwenye laini inayopandisha megabiti 5 kwa sekunde itachukua karibu saa 18, na stima ikipotea katikati unaanza kusonya. Fanya hivi: nakala ya kwanza ipige pale pale dukani mashine zikiwa zimeunganishwa kwa waya, kisha ile ya pili ipande matatu. Matatu ya Umoja ina kasi kuliko intaneti ya wengi wetu.

Toleo la 3.3 la Novemba 2024 lilileta mambo mawili ambayo ni kama yalitengenezwa kwa ajili yetu. La kwanza, seva ya bekapu sasa inaweza kusukuma nakala kwenda kwa mwenzake badala ya kungoja mwenzake aje kuvuta. Laini nyingi za hapa humficha mteja nyuma ya anwani moja ya IP inayotumiwa na watu wengi, kwa hiyo kuvuta kutoka nje kulihitaji ujanja. Ukiwa na kituo dukani, sasa sukuma tu. La pili ni hifadhi ya diski ya kuchomoa. Kwa asiye na intaneti ya maana, diski mbili za USB, kila moja na hifadhi yake, moja imechomekwa na nyingine imo kwenye mkoba unaoenda nyumbani jioni. Mwenye duka huenda nyumbani kila siku na pesa za mauzo, diski nayo iende.

Msishtuke mkiona usiku mmoja bekapu imechukua muda mrefu kuliko kawaida. Ramani ya sehemu zilizobadilika hukaa kwenye kumbukumbu ya mashine pepe ikiwa imewaka, na ikizimwa ramani inapotea. Stima ikikatika kama ilivyokatika nchi nzima tarehe 25 Agosti 2023, bekapu inayofuata italazimika kuisoma diski yote upya. Bado itatuma vipande vipya tu, kwa hiyo bando lako liko salama.

Sasa makontena. Docker ilionyeshwa kwa umma mara ya kwanza Machi 2013, na kizazi chetu kimekua nayo. Tatizo lake kwa fundi wa Gikomba ni kwamba inamfanya aamini kuwa imeji ndiyo mfumo. Imeji unaweza kuivuta tena hata kesho. Madeni ya wateja yamo kwenye voliyumu, chini ya /var/lib/docker/volumes, na `docker commit` haiigusi voliyumu hata kidogo. Ushauri wangu ni mwepesi: Docker iweke ndani ya mashine pepe kamili, ambavyo ndivyo hata Proxmox wenyewe wanavyoshauri, isiwe ndani ya kontena la LXC. Bekapu ya mashine pepe itabeba imeji, voliyumu, faili la compose na mipangilio yote kwa mpigo mmoja. Washa qemu-guest-agent ili mfumo wa faili utulizwe kabla ya kupigwa nakala, na juu ya hayo acha `pg_dump` ikimbie saa moja kabla. Dampo la hifadhidata ni dogo na unaweza kulifungua popote, hata bila Proxmox.

Tena, zihifadhi imeji zako kwa `docker save`. Docker Hub tangu Novemba 2020 iliwawekea wasiojisajili kikomo cha kuvuta imeji 100 kwa saa sita, na kikomo hicho huhesabiwa kwa anwani ya IP. Sasa kumbuka nilichosema kuhusu anwani moja inayotumiwa na watu wengi. Siku unayohitaji kuinua mfumo haraka unaweza kukuta jirani usiyemjua amemaliza fungu lenu. Na tafadhali andika namba ya toleo kwenye compose, "latest" ya leo si "latest" ya siku utakayorudi.

Chuma kuukuu kina mtego mwingine. MongoDB kuanzia toleo la 5.0 inataka kichakataji chenye AVX, na Pentium na Celeron nyingi hazina. Red Hat Enterprise Linux 10 ya Mei 2025 inataka kiwango cha x86-64-v3, yaani kwa Intel ni kuanzia kizazi cha Haswell cha 2013. Kontena linatumia kichakataji kilichopo, haliwezi kujifanya. Kwenye Proxmox aina ya kichakataji inayopendekezwa tangu toleo la 8, x86-64-v2-AES, itawaka karibu popote lakini haina AVX. Kwa hiyo ukiamua kutumia aina ya "host" kwa sababu ya Mongo, hakikisha mashine ya akiba nayo ina AVX. Kulijua hilo saa kumi na mbili asubuhi majivu yakiwa bado ya moto hakusaidii.

Kubernetes sitaikalia sana. Kazini naitumia kila siku na naipenda. Lakini ili etcd yake ivumilie kufa kwa nodi moja zinatakiwa nodi tatu, na nodi tatu kwenye kibanda kimoja huungua pamoja. Umenunua mashine tatu ili ujilinde na diski mbovu, ukaongeza vitu ambavyo mwenye duka hawezi kuvieleza kwa fundi mwingine siku ambayo wewe huko. Klasta ya Proxmox ndani ya chumba kimoja nayo naihesabu hivyo hivyo.

Na wale wa "peleka yote kwenye wingu"? Nawaelewa, na kwa nakala ya pili wingu ni sawa kabisa, mradi umeisimba kabla haijatoka. Ila tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya Afrika Mashariki nzima iliyumba kwa siku kadhaa. Gikomba huanza kuuza kabla ya jua kuchomoza na hawangoji meli ya kuunga nyaya. Mfumo wa mauzo ukae dukani, nakala yake ikae mbali.

Nakala ambayo hujawahi kuirudisha usiiamini. Kuna mama mmoja wa viatu vya jumla ambaye nilifanya naye zoezi. Nilimwambia, "Mama, leo tufanye kama stoo imeungua." Alinitazama vibaya kwanza, kwa sababu yeye ya 2018 aliiona kwa macho. Tulikwenda nyumbani kwake, tukachukua kompyuta ya mezani ya mtoto wake yenye RAM ya gigabaiti 8, tukaweka diski tupu, nikasakinisha Proxmox na kurudisha mashine kutoka kwenye diski ya mkobani. Nilitumia `qmrestore` na `--unique`, ili nakala isigongane na ile ya dukani iliyokuwa bado hai. Saa moja na dakika arobaini, mfumo uliwaka. Ukaomba nenosiri.

"Liko wapi, Mama?"

"Si limeandikwa pale ubavuni mwa ile mashine ya dukani. Yule kijana aliyekutangulia ndiye alibandika karatasi."

Tukatazamana. "Kwa hiyo ingekuwa kweli, tusingeingia?" akauliza.

"Tungeingia, Mama, lakini si leo."

Nenosiri la mfumo linaweza kuvunjwa na fundi mwenye subira. Ufunguo wa usimbaji wa bekapu hauvunjiki. Ukiwa umesimba nakala zako, na unapaswa kuzisimba, kisha ufunguo ukaungua na seva, hizo nakala ni takataka. Amri ya `proxmox-backup-client key paperkey` huuchapisha ufunguo pamoja na msimbo wa QR wa kuchanganua. Chapisha karatasi mbili. Za yule mama, moja iko ndani ya Biblia yake na nyingine iko kwa dada yake Thika.

Na wale mlio bado kwenye Proxmox 8, toleo hilo lilipangiwa kuacha kupata marekebisho Agosti 2026. Toleo la 9 lilitoka Agosti 2025 juu ya Debian 13. Endesha `pve8to9` kwanza, usome inachosema mpaka mwisho, na usiguse kitu kabla diski ya jana haijafika nyumbani.